Maji ya Buluu Chini ya Ukuta

Kimihurura, Kigali
1991

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umetulia, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kimeachia. Magoti ya Mama nayo yanasemaje? Mimi ni mzima. Najua redio inawatia hofu. Ni kweli kaskazini kuna vita, na njiani tunaonyesha vitambulisho mara kwa mara, lakini mtaani kwetu kazi zinaendelea.

Leo nina habari ya furaha, nayo ni ndefu kidogo.

Unajua kwamba Madamu Konsolata, mwenye duka la vitambaa kule Muhima, aliniajiri kumfulia nguo. Nyumba yake ina bustani kubwa inayoteremka hadi ukuta wa nyuma, na miaka yote hii imekuwa kichaka tu. Mwezi uliopita akaamua kuitengeneza upya. Akamwita Bwana Evariste, fundi wa bustani aliyesomea kazi hiyo Ulaya. Fundi alitembea humo asubuhi moja, akarudi na mchoro: mparachichi ukatwe kwa sababu mizizi yake inapasua ukuta, kule chini kwenye tope pajazwe udongo, halafu zipandwe nyasi kila mahali.

Nilikuwa naanika mashuka, nikasikia. Baba, mdomo ulinitangulia. Nikasema, "Madamu, kule chini nyasi hazitakubali. Hata nguo hazikauki kule."

Bwana Evariste akacheka. Madamu hakucheka. Akaniuliza, "Wewe unajua nini ya bustani?"

Nikamwambia najua jua linapopita, maana kila siku nalifuata na kamba ya nguo. Nikamwomba wiki moja niikague bustani kabla mtu hajashika panga.

"Wiki moja iko sawa," akasema. "Lakini kama unanipotezea siku, utarudi kwenu Bukoba."

Lakini neno lilikwisha kutoka.

Nilianza kama ulivyokuwa ukifanya wewe kibanjani, ulipowachukua kaka zangu kuwaonyesha ardhi. Mimi hukuniita, Baba, lakini nilikuwa nyuma yenu na kikapu, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine. Nilichomeka vijiti pale kivuli kilipoishia asubuhi, mchana na jioni. Nilichimba vishimo, nikafinya udongo kiganjani. Karibu na nyumba ni mchanga mtupu uliobaki wakati wa ujenzi. Katikati ni mweusi, mzuri ajabu. Kule chini unanata kama ugali mbichi. Yote nikayaandika kwenye daftari.

Tope ndilo lililonisumbua. Mvua ilikuwa imekata muda mrefu, lakini pale palikuwa pamelowa. Maji yalitoka wapi? Siku ya tano nikachukua ile buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaimwaga yote kwenye karo la jikoni. Kisha nikaenda kukaa mbele ya ukuta. Maharage jikoni yalikuwa hayajaiva nilipoona maji ya buluu yakichuruzika chini ya ukuta, pale pale penye ufa.

Nikamwita Madamu. Bwana Evariste alikuwa amekuja kuulizia jibu la mchoro wake, naye akafuata. Nikachimba mbele yao. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka, na udongo chini ya msingi umekuwa uji. Na mizizi ya mparachichi? Ilikuwa hatua tatu kutoka hapo, haijagusa hata jiwe moja.

Madamu akainama, akachovya kidole kwenye yale maji, akakitazama. "Kumbe tulikuwa tunasingizia huu muti bure."

Bwana Evariste aliinama akaitazama mizizi. Halafu akauliza, bila kejeli, "Hilo daftari, naweza kuliona?"

Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza alikunja mchoro wake akautia mfukoni. "Nitachora upya," akasema. "Lakini ukae karibu, nitakuuliza."

Bomba limetengenezwa, tope linakauka. Mboga tumeziweka katikati, na chini tutapanda migomba, si nyasi. Madamu ametafuta mfuaji mwingine. Mimi amenikabidhi bustani pamoja na vibarua wawili, watu wazima, na wananiita Shefu, yaani mkuu wao. Siku ya kwanza niligeuka nyuma kutazama wanamwita nani. Sasa naitika.

Nina fahari, Baba, sitakuficha. Lakini kona ya mashariki imenishinda: upepo unaipiga mchana kutwa na udongo wake ni mwepesi. Wewe ungepanda nini pale? Naomba shauri lako.

Msalimie Mama, umsomee polepole. Mpe salamu kaka Deo anayekutunzia ng'ombe, na shangazi Eudosia. Mwambie kitenge chake nimeshakipata.

Ni mimi binti yako,

Yustina
Msimamizi wa bustani