Baridi Haikunila Akili

Jumatatu, 3 Juni
Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nimepona kipindupindu, nimepona nyoka, sasa nimeishinda baridi ya madaktari. Uji nimekunywa, vidonge vya presha nimemeza. Kidonda cha kifuani kinawasha.

Kule Dar walinipoza mwili mpaka moyo na damu vikasimama, ndipo wakashona mshipa mkuu uliovimba. Halafu wakanipasha moto, nikarudi. Kijiji hiki cha Kakese nani mwingine kafanyiwa hivyo? Hakuna.

Jirani kaja kunipa pole. Kasema mdogo wangu Gervas kahamisha mpaka wa majaruba yetu ya mpunga nikiwa hospitali. Mshenzi.

Jumatano, 5 Juni
Gervas anatangaza kilabuni. Eti nilikufa kwenye baridi, uliorudi ni mwili tu, akili imebaki kwenye friji. Kwa hiyo ushahidi wangu wa mpaka haufai. Watu wanacheka.

Daktari alinionya kweli. Baridi inalinda ubongo damu ikisimama, ila muda ukizidi, ubongo unaharibika. Nilipozinduka aliniuliza jina langu na kijiji. Nikajibu. Nikamuuliza yeye jina la babu wa babu yake. Akashindwa.

Ijumaa, 7 Juni
Baraza la kijiji kesho, pale pale shambani, kuamua mpaka. Nimepiga pasi shati. Nataka Gervas aaibike mbele ya wakwe zake.

Jumamosi, 8 Juni
Wazee wa baraza wamenipima kama mtoto. Leo siku gani, rais nani. Gervas akasema hayo hata kasuku anafundishwa.

Nikatembea mpaka katikati ya shamba alilojimegea, nikasimama.

"Mdogo wangu, mkonge wa mpaka umeuhamisha. Chimba hapa. Baba alifukia vigae vya chungu cha mama kuwa alama, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

Mwenyekiti wa baraza akampa Gervas mwenyewe jembe. Akachimba, jasho linamtoka. Vigae vikatoka, vyeusi kwa masizi. Hakuna aliyecheka. Wakwe zake waliondoka bila kuaga. Nimeshiba.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani Gervas kakaa benchi la nyuma. Hakuniangalia.

Kupozwa ni salama? Nahukumu mimi niliyepozwa. Akili ipo yote. Ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havisikii kitu. Leo vimeungua kwenye sufuria ya uji, nimejua kwa harufu. Nimevifunga kitambaa. Gervas hatalijua hili.

Anayebishia akili yangu amuulize mwenyekiti. Akimkosa, amuulize Gervas. Ndiye aliyeshika jembe.