Jaribio la Verandani

Mama wangu mpendwa,

Kabla hujauliza: nimekula, sina homa, na sweta uliyonifumia naivaa ndani ya koti kila siku, maana baridi ya huku Oslo haina huruma. Wewe je? Goti linasemaje? Na yule ng'ombe wako mwenye kiburi ameshazaa? Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua atakayekusomea ni mume wangu, Baba Achieng, naye Dholuo bado inamshinda. Najua pia yeye atakuwa verandani na wewe ndani. Mpe chai kwanza.

Wacha nikueleze kwa nini nilimtuma kwako na ile simu yake ya kurekodi. Ile programu inayokukumbusha dawa ya presha ni sisi tunaoitengeneza hapa kazini, na kabla ya kupewa watu wote lazima ijaribiwe. Bosi wangu alikuwa ameridhika na jaribio la kuhesabu. Watu wanatumiwa programu, wanabonyeza wakiwa peke yao nyumbani, nasi tunaona nani amefika mwisho. Wote mlifika. Wewe ndiye uliyekuwa namba moja, kila asubuhi "ndiyo, nimekunywa".

Lakini kaka yangu Ouma aliniambia kwamba kliniki wakikupima, presha bado iko juu. Niliogopa, Mama. Hesabu ilikuwa inaniambia umebonyeza nini, haikuwa inaniambia unawaza nini ukibonyeza. Nikamwambia bosi hapa tumechagua jaribio lisilofaa, tunahitaji mtu akae na mwenye simu amsikilize. Baba Achieng alikuwa likizo huko nyumbani, basi nikampa hiyo kazi.

Hapo ndipo nilipoonyesha kwamba nimekaa ugenini sana. Nilimwagiza akae nawe bega kwa bega, macho kwenye simu moja. Mkwe na mama mkwe, ambao kwetu hawakaribiani! Kwenye rekodi nikakusikia ukimwambia kwa upole, "Hapana, baba. Wewe kaa huko nje kwa kiti. Mimi niko huku ndani, vile naona kwa simu nitakuambia."

Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Na kweli ulimwambia. Kwa kuwa yeye haoni kitu, ulimtajia kila kitu kupitia dirisha kama mtangazaji wa mpira. Sisi huwabembeleza watu waseme wanachowaza, nao huona haya. Wewe heshima yako ilitosha kukufanya useme.

"Sasa imelia," ulisema. "Maandishi ni madogo, sisomi. Kuna kijani na kuna nyekundu. Mimi hufinya kijani."

"Na dawa umekunywa, Mama?"

"Bado. Hiyo dawa inanipatia kizunguzungu, siwezi kwenda soko Pap Onditi nayo. Lakini nisipofinya kijani, Akoth ataona huko aanze kulia. Wacha mtoto akule kwa amani."

Nililia hata hivyo. Niliirudia sehemu hiyo mara nyingi, na bosi nilipomtafsiria alisema programu isitolewe kwanza. Sasa maandishi yatakuwa makubwa, na patakuwa na mahali pa kusema dawa inanisumbua. Ouma atakuja kutoka Maseno wiki hii akupeleke kwa daktari. Mwambie daktari hicho kizunguzungu vile ulivyomwambia mkwe wako, usimfiche kitu.

Msalimie Min Atieno, jirani yetu anayekuletea maji, na shangazi yangu wa Kondele, umwambie viatu vya kanisani alivyoniagiza nimevipata. Mjukuu wako Achieng anakusalimu, ameota meno mawili na anauma kila kitu.

Na wewe Baba Achieng, ukifika mstari huu sogeza kiti karibu na dirisha, usome polepole. Mama, ile kijani si ya kunituliza mimi. Sitaki kutulizwa. Nataka nikirudi nikukute.

Binti yako anayekupenda,
Akoth