Mshono Chini ya Zulia

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamume, miaka 53, mwandishi wa makala za gazetini. Anaishi na mkewe mtaa wa nyuma ya soko kuu.
Yameandikwa kituoni, Alhamisi tarehe 11, kuanzia saa 2:15 asubuhi.

"Gari lilikuwa zima. Msomi mwenyewe alilikagua kwa muda wa saa mbili, akaridhika, akatia saini. Mwendo ndio uliowaponza." Hayo ni maneno ya muuzaji wa magari yaliyotumika, ambaye yadini kwake wanamwita Tabasamu. Ameyasema asubuhi hii kwa simu, afisa anayeniandika akiwa amefungua sauti nami nasikia. Nayajibu. Kweli nilikagua. Kweli nilitia saini. Kwamba gari lilikuwa zima ni uongo.

Mnamo Jumatatu tarehe 8, saa 4:00 asubuhi, nilifika yadi hiyo, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, miaka 58. Tulikusudia kununua gari na kurudi nalo nyumbani kwa njia ndefu, siku kumi, tukipita nchi tatu. Wazo lilikuwa lake. Alisema, "Miaka thelathini nawashonea watu nguo za safari. Macho yanakwisha. Nami nikaone huko wanakokwenda."

Tulichagua gari jeupe la familia. Kando yake lilikuwepo jingine, pacha wake kabisa, ambalo mwalimu mmoja wa kike alikuwa analinunua. Alikuwa na mama yake na watoto watatu. Watoto walikuwa wanagombania dirisha.

Mimi nilikagua karatasi. Miaka ishirini nimewachapa watu gazetini kwa kutosoma wanachotia saini. Namba ya chasisi kwenye kadi ililingana na iliyogongwa chini ya boneti, na tarakimu zake sita za mwisho zililingana na zilizochongwa kwenye kioo cha mbele. Nikamsomea mwalimu kadi yake pia, nikanakili namba yake daftarini ili nilinganishe. Nikamwambia, "Mwalimu, hili safi." Afisa aandike kwamba nilisema hivyo.

Shemeji alikuwa amepiga magoti ndani ya gari letu, anapapasa zulia mbele ya kiti cha nyuma.

"Shemeji, njoo uone. Zulia hili limekatwa likashonwa upya. Huu ni mshono wa mkono, si wa kiwandani."

Nilimjibu, "Shemeji, leo tunanunua gari, si suruali."

Tabasamu alicheka hadi akashika boneti. "Fundi, ukitaka nitakupunguzia kiuno!"

Shemeji naye alicheka, ila mkono haukutoka pale. Akasema, "Mtu hashoni pasipochanika." Kisha akajipangusa magoti. Nilitia saini saa 6:10 mchana. Mwalimu alisema yeye ataondoka siku moja baada yetu, kwa barabara ileile.

Jumanne tarehe 9 tuliondoka saa 12:00 asubuhi. Saa 4:00 mlango wa nyuma wa kushoto ulikataa kufunga. Shemeji aliufunga kwa mkanda wake wa kupimia. Saa 10:00 jioni kioo cha mbele kilipata ufa kutoka juu hadi chini, bila jiwe, kwenye barabara nyoofu. Nikasema ni jua. Akasema, "Jua gani hilo linalochagua kioo kimoja?"

Jumatano tarehe 10, saa 3:00 asubuhi, tulivuka mpaka. Shemeji alikuwa amejilaza kiti cha nyuma kwa sababu ya mgongo. Kila tukipita tuta kitu kililia chini yake. Akasema, "Shemeji, huku nyuma kunakufuata kwa kuchelewa." Nilimwambia tutatafuta fundi mji unaofuata. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho hadi sasa.

Saa 5:25, kwenye mteremko, ng'ombe watatu waliingia barabarani. Nilikuwa spidi hamsini na tano. Nilifunga breki, gari likaserereka, likagonga kwa ubavu nguzo ya zege ya ukingoni. Pigo lenyewe lilikuwa la kukunja mlango tu. Gari likaachana katikati, vipande viwili. Mimi nilibaki barabarani na usukani mkononi. Nyuma iliingia mtaroni, na shemeji ndani yake. Ng'ombe waliendelea kuvuka.

Yuko hospitali ya hapa. Hajaamka. Mke wangu amepiga simu mara nne, nimepokea moja.

Jana saa 9:00 alasiri fundi wa polisi alinionyesha palipoachana. Ni palepale chini ya mshono aliouona shemeji: mstari wa kuchomelea, puti ya kuuziba, na rangi juu yake. Kisha nikasoma namba iliyochongwa kwenye kioo cha dirisha la nyuma, ambayo yadini sikuisoma. Mimi, bingwa wa kuwacheka wanaoishia ukurasa wa kwanza. Tarakimu sita za pale si zetu. Nilizijua, kwa kuwa nimeziandika kwa mkono wangu. Ni za gari la mwalimu.

Basi Tabasamu anijibu: mwendo hubadilisha namba ya kioo? Magari mawili mabovu yalikatwa katikati na kubadilishana nusu za nyuma. Letu limeshachanika. La pili lina watoto watatu kiti cha nyuma.

Nawataka askari wa kizuizi cha mpakani wasimamishe gari jeupe lenye namba niliyoiacha mezani, wawashushe watoto kwanza, maswali baadaye. Na wewe Tabasamu, namba ya simu ya mwalimu unayo kwenye daftari la mauzo, mimi sina. Mpigie sasa. Mwambie mwenyewe kilichopo chini ya zulia.

Nimesomewa haya, ni yangu, sipunguzi neno.

(Saini ya shahidi)

Maelezo ya afisa: Muda wote shahidi alikataa kuketi. Ujumbe ulipelekwa mpakani kwa redio saa 3:15. Jibu lilipokelewa saa 3:20: gari hilo lilikaguliwa karatasi, likaonekana sawa, likaruhusiwa kupita saa 2:50. Muuzaji hapokei simu. Naondoka na gari la doria kuelekea mteremkoni, kulizuia gari hilo. Shahidi ameomba kuja nami, nimemruhusu.