Mkutano Uliofanyika kwenye Arobaini ya Mama

Lindi,
Jumapili, 11 Mei 1997

Mpendwa baba,

Shikamoo. Leo nimekusudia kukueleza yote, hata yale ambayo ningeyaacha ili nisikuchoshe, kwa sababu habari hii itakufikia pia kwa midomo ya wengine, nami nataka uanze kuisikia kwangu. Tafadhali isome mwenyewe, usimpe Mwenyekiti wa kijiji akusomee.

Mgongo wako unaendeleaje? Na dada Zuhura na ujauzito wake, anakula vizuri? Huku mimi na shangazi tu wazima, alhamdulillahi. Naenda shule, narudi, nateka maji, nalala. Shangazi anasema nimekuwa kama mtu anayesikiliza redio iliyozimwa. Chakula nakula, masomo nayaelewa, kulia silii. Hiyo ndiyo hali yangu.

Alhamisi iliyopita Mwalimu Selina, anayetufundisha uraia, alitupeleka sisi wa kidato cha tatu kusikiliza kikao cha baraza la madiwani. Kikao hicho ni cha wazi. Mtu yeyote anaweza kukaa nyuma akasikiliza, ila haruhusiwi kusema. Darasani tulikuwa tumeshajifunza njia ambayo jambo hupita, nami nakuandikia kwa sababu utaihitaji. Jambo huanzia kijijini. Serikali ya kijiji, yaani wewe na wajumbe wenzako, mnakaa na kulipanga. Kisha mnaitisha mkutano mkuu, ambao ni watu wazima wote wa kijiji, wanaume kwa wanawake, na hao ndio wanaokata shauri. Kutoka hapo linakwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu halmashauri, na huko nako haliingii barazani moja kwa moja, kamati za madiwani hulichambua kwanza. Mwisho madiwani ndio wanaoamua. Mkurugenzi ni katibu tu wa kikao, hapigi kura. Mwalimu Selina alitufananishia na mchele: unapepetwa, unachaguliwa mawe, unaoshwa, ndipo unaingia chunguni. Ukiruka hatua, alisema, utayatafuna mawe mbele ya wageni.

Sikujua kama siku hiyo jambo la kwetu lilikuwamo. Mkurugenzi alisoma kwamba halmashauri imepata saruji na mabati ya kujenga chumba cha kujifungulia kwenye zahanati moja tu, na vijiji viwili vimeomba. Cha kwanza kilikuwa chetu. Nilidhani moyo utanidunda, haukudunda. Nilikaa nikitazama feni ya darini, ambayo nayo ilikuwa haizunguki.

Diwani wetu akasimama. Alizungumza vizuri, baba, lazima niseme kweli. Alieleza jinsi mto ulio kabla ya kituo cha afya cha Kitomanga unavyokata njia kila mvua zikikolea, na jinsi mwezi wa Januari mama mmoja alivyobebwa kwa kitanda mpaka maji yakawazuia wabebaji, akafia ukingoni na mtoto wake akiwa tumboni. Jina hakulitaja. Wenzangu walisikitika kwa sauti ndogo. Sikumwambia yeyote kwamba ni mama.

Halafu akasema, "Waheshimiwa, kijiji kizima kimeshakubali kufyatua matofali, na mimi mwenyewe nilikuwepo. Ilikuwa arobaini ya huyo huyo marehemu. Watu walijaa kuliko mkutano wowote niliowahi kuuona pale. Tukamaliza hitima, tukala ubwabwa, Mwenyekiti wa kijiji akauliza, mikono yote ikanyooshwa."

Alidhani anakisifia kijiji. Mwenyekiti wa halmashauri, aliyekuwa akiongoza kikao, akavua miwani.

"Mheshimiwa, huo ulikuwa mkutano wa kijiji au wa marehemu?"

Watu wakacheka kidogo. Diwani mmoja wa chama kingine akadakia kwamba pengine mikono ile ilikuwa ya dua, wakacheka zaidi. Diwani wetu akajitetea kwamba siku hizi watu hupatikana msibani tu. Ukiitisha mkutano, wanaokuja hawajazi hata mkeka mmoja, wengine wote wako kwenye mizani za wanunuzi wa korosho. Hapo hata waliomcheka walitikisa vichwa kukubali. Ndipo diwani wa viti maalumu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akauliza wanawake walikuwa wapi wakati mikono inanyooshwa.

"Walikuwa uani wanapakua," akajibu. "Lakini walisikia."

Baba, nilikuwa uani. Hatukusikia. Mimi na dada Zuhura tulikuwa tunasugua masufuria kwa mchanga, na bibi alikuwa anagawa ukoko kwa watoto. Tulipoona wanaume wanatafuta viatu vyao tukajua shughuli imekwisha. Hiyo habari ya kunyoosha mikono nimeisikia kwa mara ya kwanza hapa Lindi. Chumba ni cha kuzalia, na wanaozaa walikuwa wanapakua.

Mwenyekiti wa halmashauri hakulikataa ombi letu, na hilo ndilo nataka ulishike. Alisema wakijenga juu ya shauri lisilo la mkutano mkuu, kesho mtu atasema hakuulizwa, matofali hayatafyatuliwa, na saruji itagandia ghalani. Akawahoji madiwani: wanaoafiki jambo lirudi kijijini waseme ndiyo. Ndiyo yao ikajaa ukumbini. Tukiitisha mkutano mkuu kwa tangazo, na uamuzi wake ukipita kwenye kata, baraza la Agosti litatusikiliza sisi kwanza. Tusipouleta, vifaa vinakwenda kwa wenzetu. Nimejaribu kumkasirikia yule mzee, lakini naona alikuwa na haki, na hasira yenyewe haikuja.

Tulipotoka nilimkuta diwani wetu kivulini pembeni ya ukumbi, anajipepea kwa bahasha. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunitambua, halafu akanitazama vizuri na kujipepea kukakoma.

"Wewe si binti wa marehemu?"

Nikaitikia. Akasema nikwambie kwamba tumefanyiwa siasa, tangu vyama viwe vingi mambo yote ni siasa. Nadhani hivyo ndivyo Mwenyekiti wa kijiji atakavyowatangazia. Mimi nikamjibu, kwa adabu, kwamba nilikuwa nimekaa nyuma nikasikia yote. Haikuwa siasa, ulikuwa mkutano ambao hatukuufanya. Nilidhani atanigombeza.

"Basi mwambie baba yako arudi kikaoni," akasema. "Mkutano unaitishwa na serikali ya kijiji. Tangu arobaini tumewaita wajumbe mara mbili, na zote mbili akidi imekosa mtu mmoja. Wawili wamehamia mashambani. Aliyebaki ni yeye, na mimi naona haya kumgongea mlango."

Baba, najua kwa nini huendi. Vikao vinafanyika kwenye baraza ya nyumba ya Mwenyekiti wa kijiji, na ukikaa pale unayaona makaburi. Mimi pia nilipokuja nyumbani nilikuwa nazungukia upande wa kisimani ili nisipite njia ile. Siwezi kukuambia kwamba haiumi, maana mimi mwenyewe sijui kama inaniuma au la. Lakini labda mtu anaweza kukaa pale kwa muda wa kikao kimoja, ameupa mgongo upande ule, akainuka akarudi nyumbani.

Dada Zuhura atajifungua kabla ya chumba chochote kujengwa. Shangazi amesema aje kwake mapema, asingoje siku zitimie. Hospitali siku hizi mzazi anakwenda na glavu na wembe wake, shangazi ameshavinunua na kuviweka kabatini. Kwa hiyo siombi kwa ajili ya Zuhura. Mkutano ukiitishwa, tangazo litolewe pia kisimani na mashineni kunakosagwa unga, siyo msikitini tu, na wanawake wakae kwenye mikeka ya mbele. Mama alikuwa hapendi kukaa nyuma.

Nisalimie sana bibi mzaa mama, mwambie dawa ya macho nitaituma na mtu. Mdogo wangu Athumani mwambie asiache shule kwenda kubeba magunia ya wafanyabiashara. Jirani yetu Mama Sikujua, aliyemuosha mama, mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Na Mwenyekiti wa kijiji naye msalimie, sina kinyongo naye. Alitaka chumba kijengwe, akawaona watu wamekaa pamoja, akaona asiwapoteze.

Barua hii nampa utingo wa basi la Jumanne. Jibu mpe huyo huyo akirudi, hata kama ni neno moja. Je, baba, wakikuita mara ya tatu, utakwenda kukaa kwenye nafasi yako?

Mimi mwanao,
Somoe