Koti la Kocha

Jumapili, 5 Mei

Tumeshinda jana, mbili bila, na bado watu wana midomo. Zimebaki mechi mbili tu tupande daraja la kwanza. Miaka kumi na tisa tuko huku chini, tunacheza kwenye viwanja vyenye mashimo! Leo badala ya kufurahi, stori ni moja tu mji mzima: kocha anaondoka. Eti timu kubwa ya jiji inamtaka. Eti ana tamaa. Eti sisi kwake ni ngazi, anatukanyaga apande.

Kinara wao ni kaka yangu. Ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki, basi anajiona timu ni yake. Kaja kula mchana kwangu, kala sahani mbili, na huku anatafuna anamchambua kocha wa watu. Nikamuuliza, mtu kakukuta unashika mkia, kakuleta mpaka hapa, unamwita msaliti kwa maneno ya kuokota barabarani? Akasema mimi ni fundi cherehani, nishone. Nilitaka kumnyang'anya sahani. Mama mkubwa, ninayeishi naye, alicheka mpaka akapaliwa.

Kocha mwenyewe kasema redioni, haendi popote, anapanda na vijana hawa. Mimi namwamini. Nimesema hivyo pale kwa kinyozi, jirani yangu wa duka, mbele ya wateja wake wote. Nikaongeza kwamba akiondoka, mimi uwanjani sikanyagi tena. Nimeshasema, sirudi nyuma.

Jumanne, 7 Mei

Nina hasira.

Saa nne asubuhi kaingia mke wa kocha dukani. Mama mpole, hana makuu. Kaleta koti la kijani la mumewe – lile la benchi, analolivaa kila mechi, jua liwake mvua inyeshe. Akalilaza mezani, akasema anaomba nitoe nembo ya timu. Nikauliza, imechanika? Hapana. Niweke mpya? Hapana, itoe tu, mume wake atalivaa kwingine. Aliyasema hayo anaangalia sakafu. Akaaga.

Kwingine!

Nembo ile niliitarizi mimi. Kengele ya njano, kwa mkono, siku mbili nzima, mwaka ule kocha alipokuja. Vidole vyangu vilijaa matundu. Leo nimekaa nafumua uzi wangu mwenyewe, mmoja mmoja, kama mtu anayenyonyoa kuku wake aliyemlea. Kwenye kijani pamebaki alama ya kengele, kitambaa hapo hakijapauka. Na mimi nilimtetea! Kinywa hiki hiki. Mjinga ni mimi, tena mjinga mwenye sauti kubwa.

Kabla ya kufumua nilipekua mifuko kama kawaida. Mama mkubwa ndiye aliyenifundisha kazi, na hilo alinifundisha kabla hata sijajua kutia uzi kwenye sindano: kitu cha mfukoni hakisomwi. Kinaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa, inaandikwa jina, inabanwa kwa pini kwenye nguo. Atakayekuja kuchukua nguo anachukua na bahasha. Na habari za mteja hazivuki mlango. Mfuko wa ndani ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuifunua. Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika KOCHA kwa herufi kubwa, nikaibana kifuani mwa koti, hapo hapo ilipokuwa kengele.

Jumatano, 8 Mei

Nilikusudia kunyamaza. Nilikusudia kabisa.

Nimeenda kwa kinyozi kuazima mkasi, wangu umepelekwa kunolewa. Namkuta kaka kwenye kiti, uso umejaa povu, anahutubia. Akanichokoza. Akasema dada yake kapenda sura ya kocha, mpira haujui. Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, mtu ninayemshonea makoti ya kazi miaka yote hii.

Nikasema: kocha anaondoka, na nembo yake nimeifumua jana kwa mikono yangu.

Kaka aliinuka na povu lake. Hata shavu la pili halikunyolewa – akatoka nje na simu, na kabla sijafika dukani kwangu habari ilikuwa kwenye kila grupu la mashabiki. Ninaandika kweli kwa sababu hapa hakuna anayenisoma: nilijisikia vizuri. Hasira ilipata pa kutokea.

Nyumbani mama mkubwa alikuwa kwenye kiti chake anashona vifungo. Macho yamechoka lakini vidole bado vinajua. Ameshaambiwa. Akauliza, bahasha umeifungua? Nikasema sijaifungua. Akasema, bahasha hukufungua, ukafungua mdomo. Hajaongea nami tena mpaka sasa.

Ijumaa, 10 Mei

Kaka kapanga kila kitu. Kesho kocha akitokea, jukwaa zima linageuka. Migongo, dakika tisini. Nimemwambia huo ni utoto. Akaniuliza kama siko upande wao. Nimemjibu mimi niko upande wa timu. Hakuna aliyetuliza moyo humu ndani, kila mtu anabamiza mlango.

Jumamosi, 11 Mei

Moja moja. Moja moja na timu inayoshika mkia!

Kocha katoka na shati tupu. Hajawahi kukaa kwenye benchi bila koti. Watu walipomwona hivyo wakalipuka: mnaona, koti kashalitupa, kashahama huyo. Mimi nilijua koti liko wapi. Liko dukani kwangu, kwenye hanga, nyuma ya pazia. Ningeweza kusema. Sikusema. Jukwaa likageuka, na mimi nikageuka.

Ni jambo la ajabu kusikiliza mechi umeipa mgongo. Unasikia teke, unasikia filimbi, unaangalia ukuta. Tulipofunga nilisikia wachezaji wanashangilia peke yao. Dakika ya themanini na nane wenzetu wakasawazisha, ndipo watu wakageuka, tena kwa matusi. Golikipa wetu alikuwa kapiga magoti anaangalia jukwaani, haangalii mpira wavuni. Kocha alisimama mikono mfukoni. Hakumtazama yeyote.

Sasa ni lazima tushinde mechi ya mwisho, Jumamosi ijayo. Sare haitoshi.

Jumapili, 12 Mei

Redioni: kocha kaulizwa kama atakuwepo Jumamosi. Kasema hajui, anaongea na familia yake. Basi.

Kaka kapiga simu anacheka, si tulisema, si tulisema. Nikamuuliza, na Jumamosi nani atakaa kwenye benchi? Hilo hakuliwaza. Mwenyekiti mzima! Nimemkatia simu.

Jumatatu, 13 Mei

Leo kocha kaja mwenyewe.

Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nikaona kivuli mlangoni, nikainua macho, ni yeye. Mrefu, amekonda, hajanyoa. Akasalimia vizuri, akauliza hali ya mama mkubwa, maana kila mwaka humletea suruali azipunguze kiuno. Kisha akasema kaja kuulizia koti lake, mke wake kamwambia liko kwangu. Wiki nzima kalitafuta.

Nikalitoa. Akaliangalia. Akapitisha kidole pale kwenye alama ya kengele.

"Nani kakwambia uitoe?"

"Mkeo. Alisema utalivaa kwingine."

Akakaa kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, mengine makali, tangu Jumanne nayanoa. Kabla sijayasema, akabandua bahasha, akaichana, akatoa ile karatasi. Akaniuliza kama nimeisoma. Nikasema duka hili halisomi. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka, akanipa.

Ni barua kwa ile timu ya jiji. Mwandiko wake. Anawashukuru, anasema nafasi ni kubwa na si kwamba haitamani, lakini kazi aliyoianza hapa hajaimaliza. Anakataa. Imeandikwa Jumapili ya tarehe tano. Siku ile ile mimi namtetea kwa kinyozi.

Nikamuuliza, sasa mkeo? Akanieleza. Mke wake kachoka. Hapa hana ndugu, kule jijini ana dada zake na kazi inamsubiri. Usiku wa Jumapili ile walibishana, mwisho kocha akamwambia mkewe, sawa mama, tutahama. Mkewe alipolala, akaandika hii barua. Nyumbani kasema ndiyo, kwenye karatasi kasema hapana. Alingoja ujasiri wa kumwambia, na kabla ujasiri haujafika, mama wa watu kaamini neno la mumewe, kachukua koti, kaleta kwangu. Na barua ndani. Haikutumwa. Wale wa jiji wanangoja jibu mpaka Jumatano jioni.

Nilimkasirikia. Naye pia! Mwanaume mzima, jukwaa lenye watu elfu nne anaweza kulinyamazisha kwa mkono, mkewe mmoja anamdanganya chumbani. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akasema ni kweli.

Kisha nikasema la kwangu. Aliyetoboa siri ni mimi. Na Jumamosi niligeuka kama wengine.

Akasema alijua tangu mke wake alipotaja duka langu. Katika mji huu nani mwingine angefumua nembo? Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema, "Fundi, siku ile niliandika hapana bila kuwaza mara mbili. Jumamosi nimeangalia migongo yenu dakika tisini. Sasa sijui."

Akakunja barua mara nne, akanirudishia. Nikaitia kwenye bahasha mpya. Atapita Jumatano saa kumi. Akiichukua, anaipeleka. Asipoitaka, niichane. Koti nisiliguse mpaka aje.

Jumanne, 14 Mei

Nimeenda kwa kinyozi nikasimama katikati ya duka. Nimesema: nilisema uongo bila kujua, kocha hajakubali kwenda popote, kosa ni langu. Ya barua sikuyataja, safari hii mdomo nimeushika. Kinyozi kazima mashine, kaniangalia, kasema pole fundi. Lakini kaka! Eti nisilifanye tawi zima lionekane la wajinga. Eti waombe radhi kwa ushahidi gani? Nikamwambia ushahidi wa kwanza hukuuliza, ulitosheka na mdomo wangu, basi mdomo ni huu huu. Akaondoka. Hajalipa hata kunyolewa, kinyozi kamwita mpaka kachoka.

Mama mkubwa leo kaniongelesha. Kaniambia nimletee uzi wa njano, avae miwani, aangalie kama rangi ni ile ile. Ni ile ile.

Jumatano, 15 Mei

Saa nane. Nimeambiwa nisiliguse. Nimeligusa. Nimekaa dirishani kwenye mwanga, natarizi kengele juu ya alama yake. Akisema anaondoka, nitafumua tena, ni kazi yangu. Akisema anabaki, sitaki avae koti lenye kidonda.

Saa tisa na nusu. Kengele imefika nusu. Kinyozi kapita kuchungulia, kaniachia mkasi wake.

Saa kumi. Hajafika.

Saa kumi na robo. Sasa naona mtu ng'ambo ya barabara. Si yeye. Ni mke wake. Kasimama kwenye kivuli cha duka la dawa, ana simu sikioni, mkono mwingine kashika hanga tupu. Kaja kuchukua koti. Katumwa na mumewe, au kaja mwenyewe? Uso wake siusomi kutoka hapa. Kama kalia, kalia zamani.

Koti likichukuliwa, bahasha inaenda nalo. Ndivyo nilivyofundishwa, na wiki iliyopita nilivunja nusu ya mafundisho, mji mzima ukalipia. Lakini ndani ya bahasha hii kuna hapana ambayo mama huyu hajawahi kuambiwa. Nikimpa, ataisoma kabla hajafika nyumbani. Nikimnyima, nimejiingiza tena kwenye ya watu, na jioni ndiyo hii, wale wa jiji wanangoja. Mama mkubwa, niliyekuja naye dukani leo, yuko pale kwenye kiti, vifungo mapajani. Nimemwangalia anisaidie. Kaendelea kushona vifungo vyake.

Simu kaitia mkobani. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Nimeibana bahasha kifuani mwa koti, nimeibandua, nimeibana tena, nimeibandua. Anavuka. Bahasha iko mkononi mwangu, pini iko mdomoni.