Gunia chini ya kitanda changu

Imelda, uko? Dada, nimeaibika!

Si unajua kamati ya usafi hapa Mushasha ilinifanya mfano? Eti kwangu mifuko ya plastiki hakuna, takataka zote ni kapu na shimo la mbolea.

Leo kina mama wamekuja kujionea. Nahubiri kama padri! Mara mama mkwe, aliyefika jana kutoka Gasorwe, anatoka chumbani akiburuta gunia zima la mifuko.

"Mkwe wangu hatupi hata mmoja! Yote anaitunza chini ya kitanda!"

Yote, Imelda! Chini ya kitanda!

Mwenyekiti wetu, Theodosia, akainama, akachagua, akaniuliza polepole: "Nichukue huu? Nina maparachichi ya kubeba."

Wenzake wakapanga foleni. Nimebakiwa na mitatu, tena iliyotoboka.