Wapiga Makasia wa Muhazi

Rwezamenyo, Kigali
3 Juni 1993

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, cherehani bado inanilisha. Hofu ni kwako na goti lako.

Klabu yetu ya kupiga makasia imepata mkosi. Tunataka kujenga banda la mashua kando ya ziwa Muhazi, na wanakijiji wamepinga. Mzee wao, Nahimana, anasema tutawafungia ng'ombe njia ya kwenda majini. Wengine wanasema eti tutavusha waasi. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, nimewajibu kwa barua nzito ya kurasa nne, nikaipeleka komini, ofisi ya serikali ya pale. Nimeambatisha orodha yetu sote kumi na watatu: jina, mtaa, na kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho. Waone wenyewe tulivyochanganyika, Mhutu na Mtutsi mashua moja. Hapo watakosa la kusema!

Mwanao, Usumani


Ujiji
27 Juni 1993

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio.

Miaka arobaini naunda mashua, sijaona banda lililojengwa kwa kurasa nne. Watu wanalilia njia ya ng'ombe. Waachie njia, hatua ishirini kutoka mlangoni, yaishe. Majina uliyapeleka ya nini? Ng'ombe hawasomi. Nchi ina vita, na wewe unawaandikia wakubwa nani ni nani na analala wapi. Nimekasirika, sikufichi. Kaichukue hiyo karatasi leo, si kesho.

Babako


Rwezamenyo
19 Septemba 1993

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, roho ndiyo imebanwa.

Hatua ishirini tulizipima. Nahimana akazitembea mwenyewe na ng'ombe wake wawili, akacheka, akaondoa pingamizi. Banda tumeruhusiwa.

Karatasi ndiyo imekwama kwenye jalada lao. Nimeifuata komini mara tano. Karani, anaitwa Théoneste, ananijibu, "Iko ndani ya dosiye, Usumani. Dosiye haiko inatoka." Mara ya tano akaongeza, "Unaogopa nini? Ama iko kitu munaficha?" Sasa nikiiomba tena naonekana mwenye hatia, na nikinyamaza inabaki mikononi mwao.

Wiki iliyopita wanaume wasiojulikana walimpigia hodi Mukashema, yule muuguzi, mpiga kasia wetu hodari. Walimwita kwa majina yake yote mawili, kwa mpangilio ule ule niliouandika mimi. Nimemweleza ukweli. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwanao, Usumani


Ujiji
2 Februari 1994

Usumani,

Sina maneno marefu. Chumba chako nimekipaka chokaa. Lori la dagaa la Bizimana, jirani yangu, litafika Kigali baada ya wiki mbili; mwambie dereva wewe ni wangu. Kitambulisho chako hakikuandikwa Mtutsi, hakuna kizuizi kitakachokushusha. Njoo tufunge mwezi pamoja. Hapa nitafuturu peke yangu kama mkiwa.

Babako


Rwezamenyo
25 Machi 1994

Baba,

Shikamoo, na Idi ya kuchelewa. Najua umeudhika.

Lori lilikuja. Nilipanda kweli, nikakaa juu ya magunia matupu na mkoba wangu. Nikaanza kuwapitia wale wa orodha mmoja mmoja: huyu kizuizini angepita, huyu asingepita. Sita wasingepita. Dereva alipowasha injini nikashuka, akanitukana mpaka mama yangu, Mungu amrehemu.

Mukashema na mama yake wanalala chumba cha cherehani. Watatu wengine wanahamia Jumapili. Tumejaa hata kujinyoosha hatuwezi, na mlangoni hatutoki bila sababu. Naogopa, Baba. Naogopa sana. Lakini aliyeandika ni mimi, nitawaachaje?

Mwanao, Usumani


Ujiji
9 Mei 1994

Mwanangu,

Sijui nikujulie hali vipi.

Posta Kigoma wameikataa barua hii; wanasema Kigali hakuna wa kupokea. Kesho naondoka nayo mwenyewe kwenda Ngara. Wakimbizi wamevuka daraja la Rusumo kwa maelfu, na wanasema kule unapita mahemani ukiita majina mpaka mtu aitike. Nina lako, na la Mukashema. Wale kumi na mmoja siwajui, na yawezekana mmoja wao ndiye aliyekuona mwisho. Nilikukaripia kwa kuandika ile orodha. Leo ningetoa mashua zangu zote kama ungenitumia na mimi nakala.

Babako